Mkandarasi anataka nusu ya pesa kabla ya kuanza: nifanye naye kazi vipi?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Tunaongeza vyumba viwili na bafu upande wa nyuma wa nyumba yetu, na tunataka kubomoa ukuta ulio kati ya jiko na sebule. Michoro tunayo. Mkandarasi tumeshampata, na watu wawili aliowajengea wanamsifu. Tatizo ni kwamba anataka nusu ya pesa yote kabla ya kuanza, halafu ananisukuma nichague vigae na vifaa vya bafu sasa hivi wakati hata msingi haujachimbwa. Mume wangu yuko mbali kikazi, hivyo shemeji atakuwa anapita saiti kuwaelekeza mafundi. Mara ya mwisho tulipofanya ukarabati tuligombana na fundi, kazi ikabaki nusu. Safari hii nifanyeje ili tumalize tukiwa bado tunasalimiana? Na akikataa masharti yangu, je?

Jibu: Marahaba, dada. Nakupa majibu mafupi kwanza, maana nahisi mkataba uko mezani unasubiri saini. Nusu ya pesa usimpe. Kuhusu vigae na vifaa vya bafu, yeye ndiye aliye sahihi. Na shemeji apite saiti kadiri apendavyo, ila asimwelekeze fundi hata mmoja.

Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na mkandarasi hauanzi na wizi wala uzembe, ingawa vyote viwili vipo. Unaanza pale pesa inapotangulia kazi na maamuzi yanapobaki nyuma yake. Pesa ikitangulia, mkandarasi hana haraka na wewe huna sauti. Maamuzi yakichelewa, mafundi wanakaa bure au wanaamua wenyewe, na kwa vyovyote vile utalipia wewe. Karibu kila nitakachokueleza hapa chini kinalenga kuugeuza mpangilio huo: maamuzi yatangulie, pesa ifuate.

Tuanze na vigae, kwa kuwa hapo ndipo unapoona anakusumbua. Fundi anayemwaga zege la sakafu ya bafu lazima ajue sakafu iliyokamilika itakaa kimo gani, na kimo hicho kinategemea unene wa kigae pamoja na tabaka la chini yake. Sakafu ya bafu huwa chini kidogo kuliko ya vyumba, tena inateremka kuelekea kwenye tundu la maji. Kigae kinene kuliko kilichotarajiwa kinaweza kuila tofauti hiyo yote, maji ya kuoga yakatembea hadi chumbani. Choo cha kuning'inia ukutani kinataka bomba la maji taka lipite mahali tofauti na choo cha kukaa sakafuni. Koki ya kuogea ambayo mwili wake unafichwa ukutani inataka ukuta uchimbwe na mabomba yalazwe kabla ya plasta. Bomba kubwa la maji taka nalo huzikwa chini ya jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, likiwa na mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Ukija kusema baadaye kwamba choo kisogee upande wa dirisha, umeomba jamvi livunjwe.

Kwa hiyo mwombe akuandalie orodha ya maamuzi yenye tarehe: kila kitu unachotakiwa kuchagua, na siku ya mwisho ya kukichagua bila kuchelewesha kazi. Anayeijua kazi yake ataiandaa kwa furaha, kwani wateja wanaoiomba ni wachache. Wewe kwa upande wako chukua mchoro, upange juu yake vitanda, kabati, friji na meza, ndipo uweke soketi na swichi. Watu wengi hufanya kinyume, kisha soketi inajikuta nyuma ya kabati. Jikoni, fundi makabati apime na kuchora kabla fundi umeme na fundi bomba hawajagusa ukuta. Hilo peke yake huepusha nusu ya malalamiko ninayoyasikia kuhusu majiko.

Hapohapo kuna mtego ambao hauonekani kwa haraka. Katika makadirio yake, ile hati ambayo wengi huiita BOQ, tafuta mistari iliyoandikwa kuwa ni kiasi cha kukadiria tu. Mara nyingi ni vigae, vifaa vya bafu, taa, milango na makabati. Maana yake ni kwamba mkandarasi ameweka tarakimu ya kushikilia nafasi, kwa sababu hajui utachagua nini. Akiweka ndogo, jumla yake inapendeza na anashinda wenzake. Ukienda kuchagua unachokipenda, tofauti unailipa wewe, na hajavunja mkataba. Muulize kila mstari wa namna hiyo: kiasi hiki ni kwa mita ya mraba au kwa kazi nzima? Ufundi umo au haumo? Kuna ziada ya kukatika na kuvunjika? Kwa vigae ziada hiyo huwa kama asilimia 10, na zaidi kidogo vikipangwa kwa mshazari. Kisha nenda ukachague kweli, rudi na bei halisi, mistari ile irekebishwe kabla ya saini. Jumla itapanda. Bora ipande sasa ukiwa bado unaweza kupunguza kitu kingine.

Sasa pesa. Mkandarasi kuomba malipo ya kuanzia si dalili ya utapeli. Anahitaji kukusanya vifaa, kuwafunga mafundi wasichukuliwe na wengine, na kupata uhakika kwamba na wewe hutanii. Ila nusu ni nyingi mno kwa kazi ambayo mwanzo wake ni kuchimba na kumwaga zege. Anayehitaji nusu yote ya pesa yako kabla ya jembe la kwanza, mara nyingi, ana kazi ya mteja mwingine ambayo pesa yake imekwisha kabla haijakamilika. Sisemi wako yuko hivyo. Nasema ukimpa nusu, huna njia ya kujua, na pia huna njia ya kujikinga.

Gawa malipo kwa hatua za kazi ambazo mtu yeyote akisimama pale anaweza kuona kama zimefikiwa au la. Kwa kazi kama yenu ningeanza na mgao wa namna hii, nanyi mrekebishe: asilimia 10 wakati wa kuanza, 20 msingi na jamvi vikikamilika, 15 kuta zikifika linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), 20 paa likishaezekwa, 20 umeme na mabomba vikishalazwa, vikapimwa, na plasta ikakamilika, 10 vigae, milango na rangi vikikamilika, na 5 za mwisho zibaki mkononi mwako hadi muda wa kuangalia kasoro upite. Usikubali hatua zinazoandikwa kwa tarehe, kama vile "mwisho wa mwezi wa pili". Tarehe hufika hata kama ukuta haujafika. Usikubali pia maneno kama "kazi ikifika nusu", kwa kuwa nusu yake na nusu yako hazitalingana kamwe.

Akisema asilimia 10 haimtoshi kununua nondo na saruji, kuna njia ya katikati: vifaa vya awamu ya kwanza ulipe wewe moja kwa moja kwa muuzaji, kwa orodha aliyoiandika yeye na kuisaini, vifikishwe saiti, na kiasi hicho kikatwe kwenye malipo yake. Mimi napendelea njia hiyo kwa awamu ya kwanza tu. Ukiendelea kununua kila kitu mwenyewe, utakuwa umechukua sehemu ya kazi yake pamoja na lawama zake. Vifaa vikichelewa, umechelewesha wewe. Vikipungua, ulikadiria vibaya wewe. Saruji ikipata unyevu ikaganda ndani ya mfuko, hataulizwa yeye. Kumbuka kwamba katika bei yake kuna faida anayoiweka juu ya vifaa na juu ya mafundi wengine anaowaleta. Wenye nyumba wengi huichukia faida hiyo na kutaka kuikwepa. Ndiyo inayolipia kazi ya kupanga nani aje lini, kufuatilia mzigo uliochelewa, na kuwajibika pale fundi bomba na fundi vigae wanapotupiana mpira. Ukiikwepa, kazi hiyo haitoweki. Inahamia kwako.

Na wewe pia una wajibu, ambao washauri wengi husahau kuutaja: hatua ikikamilika, lipa. Weka kwenye mkataba siku ngapi utachukua kukagua na siku ngapi kulipa, kisha zishike. Kikosi cha mafundi hulipwa kila wiki au kila wiki mbili. Ukichelewesha malipo, wanahamishiwa kwa mteja anayelipa, na kuwarudisha ni shughuli nyingine. Kabla ya kila malipo kuanzia la pili, mwombe uthibitisho kwamba wauzaji na mafundi wa awamu iliyopita wameshalipwa, hata kama ni risiti na saini tu. Katika nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, muuzaji au fundi ambaye hakulipwa anaweza kudai haki yake juu ya jengo lenyewe, hata kama wewe ulishamlipa mkandarasi. Hata pasipokuwa na sheria hiyo, fundi asiyelipwa huja mlangoni kwako, haendi kwa mkandarasi.

Nje ya mkataba, tenga akiba ambayo mkandarasi haijui. Kwa vyumba vipya asilimia 10 inaweza kutosha. Kwa sehemu inayogusa jengo la zamani, weka karibu na 20, kwa sababu hakuna mtu anayejua kilichomo ndani ya ukuta mpaka uvunjwe.

Na huo ukuta wa jiko nautenga na mengine yote. Usimwachie mkandarasi wala fundi mwashi aamue peke yake kama unabeba mzigo. Mlipe mhandisi wa majengo aje auone, aangalie kuna nini juu yake, achore boriti inayohitajika na aseme dari litegemezwe vipi wakati wa kubomoa. Gharama ya ziara moja ni ndogo mno ukilinganisha na dari lililopasuka. Halafu ikague na ruhusa ya ujenzi: nani anaiomba, kwa jina la nani, na je inahusu ubomoaji au vyumba vipya tu? Hilo liandikwe. Kwa mkataba wenyewe, vyumba vipya vina michoro kamili, hivyo vichukulie bei ya jumla isiyobadilika. Sehemu ya ukuta ni ya kubahatisha. Hapo ni haki zaidi mkakubaliana bei ya kila kipimo mapema, kwa mfano kwa mita ya mraba ya plasta ya kurudishia au kwa siku ya fundi, ili likijitokeza jambo msianze kupatana bei katikati ya vumbi.

Mabadiliko yatakuwepo. Hata mchoro mzuri haumzuii mtu kuingia chumbani kikiwa kimefika linta akatamani dirisha liwe kubwa zaidi. Hakuna ubaya kubadili mawazo. Ubaya ni kubadili kwa mdomo. Unamwambia mkandarasi, "Hapa tuongeze dirisha kidogo," anajibu, "Hamna shida, mama," na kila mmoja anaondoka na maana yake. Wewe umesikia kwamba haina gharama. Yeye amesikia kwamba utalipa. Miezi kadhaa baadaye inakuja karatasi ya nyongeza yenye mistari ishirini na hakuna anayekumbuka nani alisema nini. Mkubaliane tangu mwanzo kwamba badiliko lolote, hata dogo, haliguswi mpaka liwe na maandishi yenye mambo matatu: nini kinabadilika, bei inaongezeka au inapungua kiasi gani, na kazi inachelewa siku ngapi. Ujumbe wa simu unatosha ilimradi wote wawili mjibu "nimekubali". Kupungua nako kuhesabiwe: ukiondoa mlango, pesa ya mlango irudi. Wakandarasi wengi wana kumbukumbu nzuri ya nyongeza na kumbukumbu hafifu ya mapunguzo.

Kipengele cha siku ndicho hupuuzwa zaidi. Badiliko la kazi ya siku mbili linaweza kuahirisha kikosi cha paa ambacho kilikuwa kimepangwa wiki hiyo, nacho kikapata nafasi nyingine baada ya wiki tatu. Mkandarasi akikwambia hivyo, usidhani anakutisha. Mwombe akuonyeshe kwenye ratiba.

Nije kwa shemeji. Najua nia ni njema, na najua ni vigumu kumwambia ndugu wa mume asizungumze. Lakini tazama kinachotokea. Shemeji anapita asubuhi, anamwambia fundi mwashi asogeze mlango kidogo kushoto. Fundi anasogeza, maana aliyesema anaonekana kuwa mwenye nyumba. Fundi umeme alikuwa amepanga swichi upande huo. Fundi milango alishapima. Mkandarasi anafika mchana, anaona mlango hauko pake, anavunja au anaacha. Nani analipa? Mkandarasi atasema aliyeamuru ni upande wenu, na atakuwa na haki. Zaidi ya hapo, siku ufa ukitokea pale, atasema ukuta ule haukujengwa kwa maelekezo yake. Amri moja ya pembeni inaweza kumpa njia ya kukwepa dhamana ya sehemu nzima.

Andikeni kwenye mkataba jina la mtu mmoja upande wenu mwenye mamlaka ya kuamua, na jina la mtu mmoja upande wake. Upande wenu nadhani uwe wewe. Shemeji mpe kazi yenye heshima na faida kubwa kuliko kuelekeza: apige picha, ahesabu mifuko ya saruji inayoshushwa, aandike waliokuja kazini na hali ya hewa ya siku hiyo, akuletee maswali jioni. Ukitokea mgogoro, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko hoja zozote. Akiona jambo la hatari, kama mtu anaondoa mhimili wa dari, hapo asimamishe kwa sauti na kukupigia simu papo hapo. Kwa mengine yote, asubiri.

Upande wa mkandarasi, uliza hivi: wewe mwenyewe utakuwa saiti siku ngapi kwa wiki, na usipokuwepo nani anasimamia? Mkandarasi uliyemsikia akisifiwa huenda siye atakayesimama kwako. Mwombe ukutane na huyo msimamizi kabla ya kusaini. Kisha pangeni kikao kimoja kila wiki, siku ileile, saa ileile, mkiwa mmesimama ndani ya kazi na si kwenye simu. Nusu saa yatosha: kilichofanyika, kinachofuata, maamuzi gani yanakungoja, pesa imefika wapi. Baada ya kikao umtumie ujumbe mfupi unaoanza na "Leo tumekubaliana kwamba". Maswali yako madogo yakusanye yasubiri kikao hicho. Mteja anayepiga simu mara nane kwa siku, ile ya tisa yenye jambo zito haipokewi.

Kwa hiyo huhitaji kuwa saiti kila siku. Kuna nyakati chache ambazo lazima uwepo, au bora zaidi uwe na mhandisi aliyelipwa na wewe kwa ziara hizo tu, kwa sababu baada yake kazi inafunikwa na hakuna atakayeiona tena. Kabla ya kumwaga zege la msingi, jamvi, linta na boriti: nondo zihesabiwe, zipimwe unene, na zisilale juu ya udongo au kugusa mbao za pembeni, maana nondo isiyofunikwa na zege la kutosha hupata kutu, ikavimba, ikapasua zege kutoka ndani. Kabla ya kufukia bomba la maji taka: mteremko upimwe na maji yamwagwe yaonekane yanatoka upande wa pili. Kabla ya plasta: mabomba ya maji safi yajazwe kwa shinikizo na kuachwa, kipimo kisishuke. Kabla ya vigae vya bafu: tabaka la kuzuia maji likikauka, tundu lizibwe, maji yajazwe sakafuni na kuachwa kama saa 24, kisha utazame chini na kuta za jirani. Uvujaji ukigunduliwa siku hiyo unarekebishwa kwa brashi na kopo. Ukigunduliwa baada ya vigae ni kubomoa.

Yaandike hayo kwenye mkataba kama vituo: kazi haivuki hapo mpaka ukaguzi ufanyike, naye akupe taarifa siku mbili kabla. Na piga picha kila ukuta kabla haujapakwa plasta, ukiwa umeweka tepu ya kupimia ndani ya picha ili umbali wa mabomba na nyaya kutoka kwenye kona uonekane. Siku utakayotaka kutundika rafu utanishukuru.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo mwenye nyumba anapaswa kulielewa ili asiharibu kazi yake mwenyewe, nalo ni kusubiri. Zege haliwi gumu kwa kukauka, linakuwa gumu kwa saruji kufanya kazi na maji. Ndiyo maana humwagiliwa, angalau siku 7, na nguvu yake iliyokusudiwa huhesabiwa ikifika siku 28. Katika siku hizo utaona saiti kama imelala. Ukianza kumpigia kelele mkandarasi kwamba mafundi hawaonekani, unamsukuma aondoe mihimili mapema au apakie matofali juu ya zege changa. Hali ni hiyohiyo kwa rangi juu ya plasta yenye unyevu: itavimba na kubanduka, halafu utamlaumu fundi rangi. Badala ya kuuliza "mbona mmesimama", uliza "tunasubiri nini, na mpaka lini?" Akiwa na jibu, mwache. Kinyume chake, ukiona mtu anaongeza maji kwenye zege ili liwe jepesi kumwagika, hilo usinyamazie, kwani maji ya ziada yanapunguza nguvu yake na hakuna kitakachoirudisha. Mwambie msimamizi, si kijana mwenye ndoo.

Mtaishi ndani ya nyumba wakati wa kazi? Kama ndiyo, kubalianeni mapema saa za kazi, choo cha mafundi, mahali pa kumwaga mchanga na kokoto, lini maji na umeme vitakatwa, na nani anaondoa kifusi. Muulize pia kuhusu bima na nani atagharamia fundi akiumia. Apate kukuonyesha karatasi, siyo kukuhakikishia kwa maneno.

Makosa yatatokea hata kwa mkandarasi bora. Hapo tofautisha kasoro, dosari ya mkono na suala la ladha. Mlango usiofunga ni kasoro, atarekebisha kwa gharama yake. Plasta inayoonyesha wimbi dogo ukimulika tochi kwa ubavu ni mkono wa binadamu. Rangi uliyoichagua mwenyewe ambayo sasa inakuchukiza ni yako. Ukipigania yote matatu kwa ukali uleule, atakoma kukusikiliza hata ukiwa na haki. Kasoro ionyeshe siku uliyoiona, mkiwa wawili, pembeni; kumfokea mbele ya mafundi wake kunamvunjia mamlaka ambayo wewe mwenyewe unaihitaji awe nayo. Iandike, mpe tarehe ya kurekebisha. Ikifika tarehe haijarekebishwa, zuia thamani ya kazi hiyo peke yake, siyo malipo yote ya awamu. Kuzuia pesa yote kwa sababu ya mlango mmoja ndiko kunakoacha kazi nusu, na sitashangaa kama ndivyo ilivyokuwa mara ile. Mkishindwa kukubaliana kama ni kasoro au la, mhandisi wa zile ziara aamue, na hilo nalo liwe limeandikwa tangu mwanzo.

Siku ya makabidhiano, pitieni mchana kweupe chumba kwa chumba. Fungua kila koki, vuta kila choo, washa kila swichi, chomeka kitu kwenye kila soketi, funga na kufungua kila mlango na dirisha. Tengenezeni orodha moja ya kasoro yenye tarehe ya mwisho, siyo orodha mpya kila jumapili. Pokea funguo, dhamana za vifaa, namba za rangi, na boksi moja au mawili ya vigae vya toleo lilelile, kwa sababu toleo la mwaka ujao halitafanana. Ile asilimia 5 ishikilie kati ya miezi 6 na 12, na hakikisha ndani ya muda huo paa limepitia msimu wa mvua. Paa lisilonyeshewa halijakaguliwa.

Umeuliza akikataa, je? Inategemea anakataa nini. Akikataa mgao wangu wa asilimia, akasema 15 za kuanza badala ya 10, au zuio liwe la miezi 6 na si 12, jadilianeni. Ana familia na mafundi wa kulisha, na mkataba unaombana mpaka ashindwe kupumua utamfanya akate kona mahali usipoona. Akikataa mhandisi wako kukagua zege na mabomba kabla hayajafunikwa, muulize sababu na usikilize vizuri sana, maana sijawahi kusikia iliyo nzuri. Na akikataa kuandika mabadiliko, akisema kati ya watu wanaoaminiana karatasi ni za nini, mshukuru kwa muda wake, na urudi kwa wale wawili aliowajengea uwaulize swali ambalo pengine hukuwauliza: kazi yenu ilianza kwa bei gani, na iliishia kwa bei gani?